Kihansi: hekta mbili ambazo ramani haikuziona

Mtajie Mtanzania jina la Kihansi, atakujibu kwa neno moja: chura. Atakumbuka mabilioni, atakumbuka ndege iliyompeleka Marekani, na kama anafuatilia siasa atakumbuka jinsi mnyama huyo asiyezidi sentimita tatu alivyogeuzwa kichekesho hadi bungeni. Zaidi ya miaka ishirini tumemcheka, tumemhurumia, tumempigia hesabu ya gharama. Katika kelele zote hizo kuna kitu kimoja ambacho hakikupata mtetezi wala hata mtu wa kukitania: majani aliyokuwa ameyakalia.

Kisa hiki, cha mto uliogeuzwa kwenda kuzalisha umeme hadi maporomoko yake yakapungua, husimuliwa kama ugomvi wa umeme na chura. Naona usimulizi huo umetupotosha, kwa sababu unamfanya msikilizaji achague upande kabla hajajua kilichotokea. Kitazame kwa jicho la mtu anayepanga matumizi ya ardhi, utaona jambo lingine kabisa: kipande kidogo cha ardhioevu, chenye mimea isiyoonekana penginepo, ambacho hakikuwa shamba la mtu, hakikuwa makazi, hakikuwa malisho, kwa hiyo hakikuwa kwenye ramani. Maji yakapangwa upande mmoja, ardhi ikapangwa upande mwingine, nacho kikaangukia katikati.

Ardhioevu isiyo na dimbwi

Mto Kihansi unaanzia nyanda za juu za Mufindi na Kilolo mkoani Iringa, kwenye baridi na ukungu wa milima ya Udzungwa. Eneo linaloulisha mto huo juu ya bwawa halifiki kilomita za mraba 600, si kubwa. Ukifika ukingo wa milima, mto unakosa pa kupita ila kushuka: kama mita 850 za mporomoko ndani ya kilomita chache, kupitia korongo jembamba lenye kuta za mwamba, hadi bonde la Kilombero upande wa Morogoro.

Ndani ya korongo hilo ndimo zilimokuwa zile ardhioevu. Mtu akisikia neno ardhioevu hufikiria tope, matete na mbu. Hizi hazikuwa hivyo. Hazikuwa na dimbwi wala chemchemi. Maji yaliporomoka yakapiga mwamba, yakapasuka, yakapanda juu kama moshi, na upepo uliotengenezwa na maporomoko yenyewe ukayasukuma manyunyu hayo hadi kwenye miteremko ya pembeni. Usiku na mchana, masika na kiangazi. Juu ya mwamba ukajijenga udongo mwembamba, na juu ya udongo likatanda zulia la kijani la Selaginella kraussiana, mmea mdogo wa kutambaa ambao hauna ua wala mbegu, pamoja na nyasi na mimea mingine iliyozoea kulowa bila kukoma. Vipande hivyo vilitengana. Ukivijumlisha vyote hupati zaidi ya hekta mbili hivi. Hazifiki viwanja vitatu vya mpira.

Selaginella hiyo si adimu. Ipo sehemu nyingi za Afrika. Kilichokuwa adimu ni hali: mteremko unaolowa mwaka mzima, joto lisilobadilika sana, hewa iliyojaa maji wakati bonde la chini linaungua na jua. Hali ile ndiyo iliyomlea chura, Nectophrynoides asperginis, anayezaa watoto kamili bila kupitia kwenye yai lililotagwa wala ndubwi. Na msitu unaozunguka korongo ulikuwa na vyake. Mwaka 2004 wanabotania Aaron Davis na Mvungi waliitangazia dunia aina mpya ya kahawa mwitu kutoka humo, wakaipa jina la mahali: Coffea kihansiensis. Jamaa wa kahawa tunayokunywa, anayejulikana kuota kwenye korongo hilo tu. Katika miaka hiyo hiyo lilitangazwa pia jinasi zima jipya la mmea (kundi linalobeba aina zinazokaribiana), Kihansia, lililopewa jina la mto. Huo ni mmea mdogo usio na rangi ya kijani, haujitengenezei chakula kwa jua. Unaishi kwa kunyonya kuvu walio ndani ya udongo wa msitu. Uking'oa miti, ukakausha majani yaliyooza chini, hauna pa kuhamia.

Angalia hiyo tarehe: 2004. Tutairudia.

Mradi uliokuwa safi kwenye karatasi

Ili kuwatendea haki waliopanga, lazima tukumbuke hali ilivyokuwa. Miaka ya mwanzo ya 1990 nchi ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Bwawa la Mtera lilipungukiwa maji, mitambo ya umeme ya Kidatu ikalemewa, viwanda vikasimama, na familia za mjini zikarudi kwenye vibatari. Kihansi ilikuja kama jibu la sala. Mto wake hautegemei sana msimu. Hata kiangazi unatiririka vizuri, kwa sababu milima inayoulisha ina misitu na mabonde yenye unyevu yanayoachia maji taratibu. Mporomoko wake ni mkubwa kiasi kwamba huhitaji bwawa kubwa: ukuta wa mita 25 tu kuyageuza maji kuingia kwenye handaki, mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, jumla megawati 180. Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya wakatoa fedha.

Na kwa vigezo vya wakati ule ulikuwa mradi safi. Bwawa dogo, ardhi kidogo inayofunikwa, watu wachache wa kuhamishwa. Linganisha na mabwawa yaliyozamisha vijiji na makaburi ya mababu, utaelewa kwa nini wataalamu walipumua. Maswali yaliyoulizwa yalikuwa ya kawaida: nani anaishi hapa, analima nini, atafidiwa vipi, ziwa litafika wapi. Korongo halikuwa na jibu lolote kwa maswali hayo. Hakuna aliyekaa humo. Kushuka kwenyewe ni kazi ya kamba na magoti.

Tathmini ya athari kwa mazingira ilikamilika mwaka 1995, wakati uamuzi wa kujenga ulishafanyika. Ikaelekeza kwamba uchunguzi wa viumbe uendelee. Ukaendelea, na Desemba 1996 watafiti wakakutana na chura wa rangi ya dhahabu ambaye sayansi haikuwa na jina lake. Mmoja wa waliomwandika baadaye ni Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo mfuatano ulikuwa huu: fedha, uamuzi, ujenzi, kisha ndiyo tukaenda kuangalia kuna nini. Kahawa ilipata jina lake miaka minne baada ya maji kuondolewa.

Sasa, watu husema watafiti walichelewa. Mimi nadhani hata wangewahi, ramani ingewashinda. Chukua ramani ya skeli ya 1:50,000, ambayo ndiyo maofisa wetu wa ardhi wameizoea. Sentimita moja ni mita 500. Hekta mbili zikiwa mraba mmoja zina upande wa mita 141, yaani chini ya milimita tatu kwenye karatasi. Na hazikuwa mraba mmoja. Zilikuwa vipande, juu ya miteremko mikali ambayo kwenye ramani mistari ya kontua, ile ya kuonyesha mwinuko, imebanana hadi imekuwa doa jeusi. Ncha ya penseli ingevifunika. Mpangaji aliyezoea kupaka rangi maeneo, kijani kwa msitu, njano kwa kilimo, kahawia kwa makazi, hana rangi ya kitu chenye ukubwa wa nukta.

Kuna kejeli moja hapa. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu mwaka 2000. Mwaka 2002 bonde la Kilombero, ambamo Kihansi inamwaga maji yake, liliorodheshwa kuwa eneo oevu lenye umuhimu wa kimataifa, karibu hekta laki nane. Kubwa, linaonekana hata kutoka angani. Na mwaka ule ule wa 2000 tuliokuwa tunatia saini, kilomita chache juu ya bonde hilo, hekta mbili zilikuwa zinakauka.

Hesabu ya maji

Ili kuelewa kwa nini ugomvi ulikuwa mkali, piga hesabu ya darasani. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Iangushe mita 850 kila sekunde, unapata nishati ya megawati nane na kidogo. Toa kinachopotea kwenye handaki na mitambo, unabaki na kama saba na nusu. Wastani wa mto ulikuwa kama mita za ujazo 16 kwa sekunde. Kila mita ya ujazo unayoiachia korongo, basi, ni megawati saba na nusu unayoitoa kwenye gridi. Kwa nchi iliyotoka kwenye mgao, hilo si jambo la kumwambia waziri kwa mzaha.

Mtambo wa mwisho ulipoanza kazi mwaka 2000, zaidi ya asilimia 90 ya maji ilikuwa inapita handakini. Kilichobaki kwenye korongo hatimaye kikawekwa kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa sekunde. Mita hizo mbili, kwa hesabu yetu, ni kama megawati 15. Wanaosema serikali haikutoa chochote hawasemi kweli. Kimetolewa kitu, kila siku, hadi leo. Tatizo ni kwamba manyunyu hayapungui kwa uwiano wa maji. Maporomoko yanahitaji uzito na kishindo ili yapasuke na kutengeneza upepo wake. Yakipungua hadi kuwa mkondo mwembamba unaoteleza juu ya mwamba, unaweza kusimama pembeni yake ukiwa na shati kavu. Haki ya maji ya mita mbili iliandikwa kwa lugha ya mto. Ardhioevu ile haikunywa mto, ilikunywa hewa.

Mimea ndiyo iliyojibu kwanza, na ilijibu bila kelele. Katika mwaka mmoja na nusu hivi, mimea ya unyevunyevu ilirudi nyuma na magugu yakaingia: ile mimea ya kawaida unayoiona kwenye shamba lililoachwa. Zulia likapasuka. Mwanzoni mwa 2001 ukawekwa mfumo wa kunyunyizia, mabomba yanayoshusha maji kwa mteremko bila pampu na kuyatoa kama mvua nyembamba juu ya sehemu za vipande hivyo. Pale mabomba yalipofika, mimea ya unyevu ilianza kurudi na magugu kupungua. Hilo linanifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. Linaonyesha mahali penyewe bado palikuwa na uhai. Linaonyesha pia kwamba tumeligeuza eneo la asili kuwa bustani ya kumwagiliwa: chujio likiziba, bomba likipasuka, mtu aliyepaswa kushuka korongoni asiposhuka, kiangazi kinaingia.

Habari za chura zinajulikana, nizipitie haraka. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama. Waliobaki walionekana kustahimili chini ya mabomba. Katikati ya 2003 walikadiriwa kufikia karibu 21,000. Miezi michache baadaye waliporomoka, na Januari 2004 walihesabiwa watatu tu. Ugonjwa wa kuvu aina ya kitridi ndio mshukiwa mkuu, pamoja na tope lililofunguliwa kutoka bwawani mwaka 2003 likiwa na mabaki ya viuatilifu vya mashamba ya juu. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, baada ya kulelewa na kuzaliana utumwani.

Chura ana bahati moja: ana miguu na anaingia kwenye sanduku. Ana macho pia, anapigwa picha. Ardhioevu huwezi kuipakia kwenye ndege. Aliporudishwa, swali la kwanza lilikuwa lile lile lililosahauliwa mwanzo: anarudi kukalia nini?

Twende juu, kwenye vinyungu

Hapo nyuma nimetaja viuatilifu vya mashamba ya juu. Watu wengi wakizungumzia Kihansi wanaishia kwenye bwawa. Lakini maji yanayofika bwawani, wingi wake na usafi wake, yanaamuliwa na familia zinazolima kwenye mabonde ya Mufindi na Kilolo. Hapo ndipo mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unapoingia, na hapo ndipo kisa kinapotuhusu hata sisi tusio na maporomoko.

Asiyetoka Iringa huenda halijui neno vinyungu. Ni bustani za mabondeni. Mvua zikikatika, familia inashuka kwenye bonde lenye unyevu, inainua matuta, nyasi zinafukiwa chini zioze, na maji yanasimama kwenye mifereji katikati ya matuta. Hupandwa mahindi, maharage, viazi, mboga. Mavuno yake yanakuja wakati ghala la shamba la mlimani limebaki vumbi, na mahindi mabichi ya kinyungu ndiyo ada ya shule. Ni kilimo cha wazee, kina akili yake, na kwa muda mrefu kiliishi na bonde bila kuliua.

Kilichobadilika ni vitu vitatu. Vinyungu vimeongezeka hadi kugusa chemchemi zenyewe. Mifereji imechimbwa kina kirefu zaidi, kiasi kwamba haishiki tena maji bali inayatoa. Na dawa za kuua wadudu zimefika kila duka. Ongeza mikaratusi, ambayo kule wanaiita milingoti, iliyopandwa mabondeni kwa ajili ya nguzo na mbao. Mti huo unakunywa kama umetumwa. Bonde lililokuwa sifongo linageuka mfereji: masika linamwaga kwa kishindo, kiangazi halina kitu. Na ndani ya mabonde hayo nako kuna mimea ya tope ambayo hakuna aliyeihesabu.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji mamlaka ya kuandaa mpango wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka mazingira yatengewe maji yake kabla ya kugawia wengine. Kwa karatasi, Kihansi ya leo isingeweza kutokea kama ya 1994.

Kwa bonde, sivyo. Mita 60 kila upande ni ukanda wa mita 120. Mabonde mengi ya Mufindi hayana upana huo. Ukisoma sheria kama ilivyo, kinyungu chote kinapigwa marufuku, cha bibi aliyerithi kutoka kwa mama yake na cha mfanyabiashara aliyekuja na pampu mwaka jana. Mkoani Iringa zuio la vinyungu limewahi kuleta mvutano mkubwa kati ya viongozi na wakulima, na si ajabu. Ukimkataza mtu chakula cha Januari, hataacha kulima. Atalima tu bila kukuonyesha. Kinachofuata ni mpango uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kwa mikono juu, ramani ikaning'inizwa ofisini kwa mtendaji, na bonde likaendelea na mambo yake.

Upande wa pili, wapo wanaosema mkulima anajua, aachwe. Sikubaliani nao pia. Mkulima anajua bonde lake. Hajui lililoko kilomita arobaini chini ya mto, na hakuna aliyemwonyesha.

Nukta kwenye ramani

Ningekuwa afisa mipango wa wilaya iliyo juu ya mto kama huu, ningeanza na kile ambacho Kihansi ilikosa: mtu wa kushuka korongoni kabla ya kuchora. Mwongozo wa mipango ya vijiji una hatua sita, na ya tatu ndiyo ya kuchora hali iliyopo. Kwa desturi timu inakuja siku chache, mara nyingi kiangazi kwa sababu barabara zinapitika. Kiangazi mimea mingi ya unyevu imelala. Mtu anaona nyasi kavu, anaandika "eneo wazi". Neno hilo, eneo wazi, limeua vitu vingi. Timu ije mara mbili, mara moja kwenye matope.

Na isije na mwenyekiti na wajumbe peke yao. Kila kijiji kina watu wanaoijua mimea kwa majina: mganga anayejua mzizi fulani unapatikana bonde moja tu, akina mama wanaokata ukindu na milulu ya mikeka, wanaume wa mizinga ya nyuki. Wao ndio watakaosema "huu zamani ulikuwa mpaka kule". Hawasemi spishi adimu, wanasema umeadimika. Ni taarifa ile ile. Mtu wa chuo aje baadaye kuthibitisha jina la kitaalamu, na mpango usimngoje: kahawa ya Kihansi haikuwa na jina wakati ilipokuwa inahitaji kulindwa.

Halafu mpaka. Badala ya kupima mita 60 kutoka kingo za mto kwa kamba, ningependa kijiji kitembee masika hadi pale mguu unapoacha kuzama, kipigilie vigingi hapo, kisha kigawe bonde kwa akili. Chemchemi na kichwa cha bonde vifungwe kabisa, bila mjadala, na milingoti iliyomo ing'olewe. Katikati ya bonde kinyungu cha mtindo wa zamani kiruhusiwe, matuta bila mifereji mirefu, bila dawa. Najua mwanasheria atanikumbusha kifungu. Namjibu kwamba kifungu kinachovunjwa na kijiji kizima hakilindi mmea hata mmoja, ilhali sheria ndogo iliyotungwa na wenye bonde ina mtu wa kuisimamia: jirani.

Lililo gumu zaidi ni kuunganisha ofisi. Kijiji kina mpango wa ardhi. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na bodi ya maji ya bonde, kwa Kihansi ni ile ya Rufiji. Umeme ni TANESCO. Mazingira yana chombo chake cha taifa. Mwaka 2001 ulianzishwa mradi maalumu wa mazingira wa Kihansi, ukifadhiliwa na Benki ya Dunia, na sifa yake kubwa machoni pangu si mabomba bali ni kulazimisha watu hawa kutazama mto mmoja kuanzia chemchemi hadi korongo. Lakini ulikuwa mradi, na mradi una tarehe ya kuisha. Kibali cha maji hakina budi kuambatanishwa na ramani ya ardhi inayoguswa na maji hayo, pamoja na ile inayoguswa na manyunyu tu, na mpango wa kijiji cha juu uwe na ukurasa mmoja unaoeleza maji yake yanakwenda wapi.

TANESCO ingekuwa na sababu ya kwanza ya kuugharimia ukurasa huo. Sifongo linaloshikilia mimea ya mabondeni ndilo linaloshikilia maji ya kiangazi yanayozungusha mitambo. Bonde likikauka, hasara yake inapimika kwa megawati kabla haijapimika kwa spishi.

Na kwenye ramani yenyewe, pale ambapo eneo ni dogo mno kupakwa rangi, iwekwe alama: nukta yenye jina, mahali pake kwa vipimo vya latitudo na longitudo, na jina la kamati inayoiangalia. Maofisa ardhi husita, wanasema alama itakuwa kubwa kuliko eneo lenyewe na ramani itakuwa imedanganya ukubwa. Ni kweli, itakuwa kubwa kuliko eneo. Kisima cha kijiji nacho huchorwa hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kukijengea nyumba juu yake kwa kudai hakukiona.